Uchambuzi wa kisa: Vitawanya sauti vinne na kochi lililokaa pabaya

Kisa hiki kinahusu chumba kimoja cha kusikilizia muziki, katika mji mmoja wa pwani. Majina ya watu na ya mtaa nimeyaondoa, na vipimo nimeviweka kwa namba zilizo rahisi kukokotoa. Vitawanya sauti, yaani mbao za ukutani zenye mifereji ya kina tofauti zinazoigawa sauti pande nyingi, nilivichora mimi mwenyewe, kwa hiyo sehemu kubwa ya makosa utakayoyasoma ni yangu.

Chumba na mwenye chumba

Mwenye chumba ni mzee mstaafu, mkusanyaji wa santuri tangu ujana wake: taarab ya Unguja na Mombasa, dansi la miaka ya 1970, na chache za mizunguko 78 kwa dakika alizorithi kwa mjomba wake. Watoto walipohama nyumbani alichukua chumba chao. Urefu ni mita 5.4, upana 3.5, kimo 2.8. Kuta ni za tofali za saruji zilizopigwa plasta na rangi ya mafuta, chini vigae, juu jipsamu, na dirisha moja la alumini. Ndivyo tunavyojenga siku hizi, na ndiyo maana nyumba zetu nyingi mpya ukipiga kofi moja hujibiwa na makofi mengi.

Siku ya kwanza nilisimama katikati ya chumba nikapiga kofi. Likajibu “trrrr”, kama mtu anayepitisha kucha kwenye meno ya kitana. Sauti hiyo ina hesabu yake. Kwenye joto la nyuzi 30 sauti husafiri karibu mita 349 kwa sekunde. Kutoka ukuta hadi ukuta na kurudi ni mita 7, basi kofi linakamilisha safari hiyo mara 50 hivi kila sekunde mpaka lichoke.

Malalamiko ya mzee yalikuwa mafupi. “Mwanangu, ganuni naisikia, lakini sijui imekaa wapi.”

Yaliyojaribiwa kabla

Kabla sijaitwa, kijana mmoja alikuwa amebandika trei za mayai ukuta mzima. Hili nimelikuta studio nyingi za mitaani na sina budi kulisema: trei ya mayai haina uzito wala unene. Inapunguza kidogo makali ya sauti za juu, basi. Besi inapita kama vile hakuna kitu.

Zilipotolewa trei, ikaja sponji ya godoro ya sentimita 5, kuta tatu. Hapo chumba kikaharibika kwa namna nyingine. Sponji nyembamba kiasi hicho hula sauti za juu na kuiacha besi. Wimbi la hezi 100, yaani mitetemo 100 kwa sekunde, lina urefu wa mita 3.5, sentimita 5 za sponji zitalifanyia nini? Fidla zikawa kama zinapigwa chini ya blanketi, huku ngoma zikivuma kwenye pembe. Mzee akachoka. Akaona picha za studio za ng'ambo, ukutani kuna mbao zenye mashimo marefu ya kina tofauti, akanipigia simu: anataka zile.

Nilimwambia tuanze na kupima. Tuliondoa sponji yote, nikaweka maikrofoni ya kupimia pale anapokaa, nikatumia Room EQ Wizard, programu ya kupimia sauti ya chumba ambayo toleo lake la kawaida ni la bure. Kwenye masafa ya kati, yaani sauti zisizo za juu sana wala za besi, sauti ilichukua sekunde 1.2 kufifia kwa desibeli 60. Kwa chumba cha ukubwa huo, cha kusikilizia santuri, ni ndefu mno.

Hesabu niliyompa fundi

Kitawanya sauti cha aina ile kilitokana na kazi ya Manfred Schroeder, mwanafizikia wa Ujerumani aliyefanya kazi Bell Labs na Chuo Kikuu cha Göttingen. Katika miaka ya 1970 alionyesha kuwa ukuta wenye mifereji ya kina kilichopangwa kwa nadharia ya namba hurudisha sauti pande nyingi kwa usawa, badala ya kuirudisha upande mmoja kama kioo. Sauti haipotei kama kwenye kifyonza, kitu kinachoimeza sauti; inagawanywa.

Upangaji wenyewe hauhitaji shahada. Chukua namba tasa, tuseme 7. Hesabu kuanzia 0 hadi 6, kila namba izidishe kwa yenyewe, igawanye kwa 7, ushike kinachobaki. Utapata 0, 1, 4, 2, 2, 4, 1. Hizo ndizo kina za mifereji saba, kwa vipimo ambavyo bado hujavichagua. Kipimo kinatokana na masafa ya chini unayotaka kuyatawanya: urefu wa wimbi gawanya kwa mara mbili ya 7. Nilichagua hezi 500. Wimbi lake ni sentimita 69.8, gawanya kwa 14, unapata sentimita 5 kasoro nywele. Kina zikawa 0, 5, 20, 10, 10, 20, 5.

Upana wa mfereji ndio unaoweka kikomo cha juu, maana mfereji usizidi nusu ya wimbi. Nikaweka sentimita 5, kikomo kikawa karibu hezi 3,500. Kati ya mfereji na mfereji panasimama kitenganishi cha plaiwudi ya milimita 6, chenye kina kizima cha sentimita 20. Kitawanya kimoja kikawa na upana wa karibu sentimita 40 na urefu wa 120, nusu ya shiti la plaiwudi ili kusiwe na kupoteza. Nilihesabu vinne, vya ukuta wa nyuma.

Kwa nini hezi 500 na si 300? Kwa sababu ya nafasi. Kwa 300 kina kingefika sentimita 33, na mama mwenye nyumba alikwishasema chumba kisigeuzwe ghala la mbao. Hayo niliyatafakari vizuri. Jambo ambalo sikulitafakari nitalifikia.

Fundi alipopindua jedwali

Nilimwachia fundi seremala karatasi yenye safu moja ya namba, juu yake nimeandika “kina”. Niliporudi baada ya siku nne kimoja kilikuwa kimeshasimama, kimepigwa msasa, kizuri kabisa. Na kimepinduliwa. Fundi alisoma 20 kama urefu wa kipande cha mbao kinachotoka kwenye ubao wa nyuma. Pale nilipotaka shimo la sentimita 20 palikuwa na mbao iliyojaa hadi mdomoni; pale nilipotaka pajae palikuwa na shimo. Kina zake zilisomeka 20, 15, 0, 10, 10, 0, 15.

Nilikasirika, nikamwambia avunje. Fundi hakubishana. Aliniuliza tu: “Kaka, kwani sauti itajua?”

Swali lile nililala nalo. Kitawanya hufanya kazi kwa sababu sauti inayoingia mfereji mmoja hurudi ikiwa imechelewa kuliko ya jirani yake, na tofauti hizo za kuchelewa ndizo zinazoisambaza. Ukipindua kila kitu, aliyekuwa anatangulia sasa anachelewa, na aliyekuwa anachelewa anatangulia, ila umbali kati yao haujabadilika hata kidogo. Mtawanyiko unageuka tu kulia kushoto kama kwenye kioo, na kwa kuwa mpangilio wa 7 unalingana pande zote mbili, unabaki ule ule. Sauti haikuwa na njia ya kujua.

Kuna na zaidi. Vitawanya vya aina moja ukivipanga mstari mmoja vinaanza kujirudia, na kujirudia huko kunakusanya sauti tena kwenye pande chache, jambo unalolikimbia tangu mwanzo. Dawa inayotumiwa ni kuchanganya kitawanya cha kawaida na pindu lake kwa mpangilio usiojirudia. Kwa vinne, mpangilio wa Barker, uleule unaotumika kwenye rada, ni: kawaida, kawaida, pindu, kawaida. Nilihitaji pindu moja, nami pindu moja nilikuwa nalo, tayari limepigwa msasa. Asubuhi nilimpigia fundi nikamwambia asivunje, na nikamwomba radhi.

Kosa lake la kweli lilikuwa dogo na halikuonekana upesi. Kwenye mifereji miwili ya katikati, yote ya sentimita 10, hakuweka kitenganishi. “Iko sawa, sasa cha kutenganisha ni kipi?” Hoja inaeleweka, lakini bila kitenganishi mifereji miwili inakuwa mmoja mpana wa sentimita 10, na kwa sauti zinazoingia kwa mshazari hesabu inaharibika. Tulipachika plaiwudi na kuibana kwa gundi. Vilevile tuliziba kila upenyo chini ya mifereji, kwa sababu nyufa ndogo hunyonya sauti uliyokuwa umekusudia kuirudisha.

Jioni ya kwanza ya kusikiliza

Vinne vilifungwa ukuta wa nyuma, mbele ya vitawanya kochi, mzee akaketi. Niliweka santuri ya taarab aliyoichagua mwenyewe. Alisikiliza upande mzima bila kusema. Kisha akainamia kulia, akainamia kushoto, akarudi.

“Mwimbaji ana vichwa viwili,” akasema. “Nikisogea, kimoja kinanifuata.”

Niliketi mimi. Kweli. Sauti ya mwanamke yule ilikuwa na ukungu pembeni, na kila nikitikisa kichwa rangi yake ilibadilika. Kofi halikujibu tena “trrrr” kwa upande wa urefu, hilo lilifanikiwa, lakini kusikiliza kulikuwa kumekuwa kubaya kuliko kwenye vigae vitupu.

Kochi lilikuwa limeegemea nyuma. Kichwa cha mzee kilikuwa sentimita 60 kutoka ukutani. Toa kina cha kitawanya na ubao wake, masikio yake yalikuwa sentimita 40 kutoka kwenye midomo ya mifereji. Kwa ukaribu huo husikii ukuta uliotawanya sauti. Unasikia mfereji mmoja mmoja, kila mmoja na ucheleweshaji wake, kabla havijachanganyika. Kanuni ya kazi ni kukaa angalau urefu wa mawimbi matatu ya masafa ya chini ya kitawanya. Kwa hezi 500 hiyo ni mita 2.1. Kanuni hii niliijua. Niliijua nikiwa nimeshika penseli ya kuchora mifereji, na sikuuliza kochi litakaa wapi.

Kulihamisha kochi

Mzee hakutaka. Kochi lilikuwa pale kwa sababu mlango ulikuwa pembeni yake, na kiyoyozi kilifungwa mahali ambapo mtu akikaa katikati ya chumba upepo unampiga shingoni. Mama ndiye aliyeleta hoja ya shingo, na ilikuwa hoja nzito kuliko yangu ya mawimbi. Tulikubaliana wiki moja ya majaribio: mabawa ya kiyoyozi yaelekezwe juu, kochi lisogee mpaka mita 2.05 kutoka ukuta wa nyuma.

Umbali huo si wa kubahatisha. Ni asilimia 38 ya urefu wa chumba, mahali ambapo kwa kawaida mtu huepuka kukaa palipozama besi. Katikati kabisa ya chumba wimbi la hezi 32, ambalo ndilo linaloenea kwenye urefu wa mita 5.4, hufifia karibu kabisa. Kwa upande wa vitawanya, masikio yalikuwa sasa mita 1.84 kutoka kwenye uso wa mbao. Bado pungufu ya 2.1. Nikakubali.

Kisha tukafanya kazi ambayo ingefanywa kwanza. Mjukuu wa mzee alishika kioo cha kunyolea, akakitembeza ukutani taratibu huku babu amekaa mahali pake. Kila babu alipoiona spika ndani ya kioo alisema “hapo”, tukaweka alama kwa chaki. Hapo ndipo sauti ya spika inaporuka na kumfikia mara ya kwanza, na hapo ndipo panapohitaji kifyonza. Tulitengeneza fremu za mbao za paini, ndani yake pamba ya mawe ya sentimita 10 tuliyoipata kwa mafundi wa mabomba ya viyoyozi, na nyuma yake nafasi ya hewa ya sentimita 5. Mzee alipendekeza sufi kwa sababu anayo shambani; nikakataa, sufi hushika moto upesi mno kuwekwa ukutani karibu na nyaya.

Kitambaa cha juu alichagua mama: kanga. Kanuni yangu ya kitambaa ni moja. Kiweke mdomoni upulize. Pumzi ikipita, sauti nayo itapita. Kanga za pamba zilipita zote. Moja yenye mchanganyiko wa nailoni ilibaki kabatini. Jina la kanga iliyofungwa ukuta wa kulia sitalitaja, ila jirani mmoja aliyeingia na kulisoma hajarudi tena.

Pembe mbili za mbele zikapata vifyonza vinene kutoka sakafuni hadi darini, na sakafuni likatandikwa zulia zito. Vitawanya vikabaki nyuma, katikati yake kwenye usawa wa masikio ya mtu aliyeketi. Mzee aliuliza kama vinaweza kulazwa, vingependeza zaidi. Haikuwezekana: mifereji iliyosimama hutawanya sauti kulia na kushoto; ukiilaza, sauti inatawanywa juu kwenye jipsamu na chini kwenye vigae.

Matokeo

Muda wa kufifia ulishuka kutoka sekunde 1.2 hadi 0.5 kwenye masafa ya kati. Kofi likawa kofi. Kwenye grafu, ule mchongoko wa sauti inayorudi kutoka ukuta wa nyuma ulikuwa umevunjika ukawa vilima vidogo vilivyoanza kama milisekunde 10 baada ya sauti ya spika. Mzee alisema ganuni imekaa kushoto, nyuma kidogo ya kodiani, na tangu siku hiyo hajaihamisha.

Besi ya hezi 32, ya urefu wa chumba, na ya 50, ya upana wake, bado ipo. Ile ya 50 vifyonza vya pembeni viliipunguza kidogo. Ya 32 haikuguswa na chochote tulichojenga. Mbao za sentimita 20 hazina mazungumzo na wimbi la karibu mita 11.

Masika yalipoingia vitenganishi viwili vya plaiwudi vilijikunja. Fundi alivipiga vanishi upande unaoonekana tu, na unyevu wa pwani ukaingilia mgongoni. Tulivibadilisha na kupaka pande zote, na kingo hasa.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi kwenye chumba hiki ni kochi. Halikugharimu kitu, na ningelisogeza siku ya kwanza kama ningeanza na swali la mzee anakaa wapi badala ya swali la mbao zitakuwa za kina gani. Picha alizoziona mzee zilinivuta na mimi. Studio zile ni kubwa. Msikilizaji yuko mita tatu au nne kutoka ukuta wa nyuma, na kitawanya kina nafasi ya kuchanganya. Chumba cha mita tatu kwa tatu hakina. Hapo ningeweka kifyonza kinene nyuma ya kichwa na kumwambia mwenye chumba fedha za mbao azitunze.

La pili ni lile la hezi 500. Kwa chumba hiki lilikuwa chaguo la kupindukia. Kama ningechora kwa hezi 700, wimbi ni sentimita 50, kipimo kinakuwa sentimita 3.6, mfereji mrefu kuliko yote sentimita 14, na umbali unaotakiwa mita 1.5. Kochi lingetosha pale lilipo bila mimi kufumba jicho kwa hizo sentimita 26 zinazopungua. Masafa kati ya 500 na 700 yangeachiwa vifyonza, ambavyo vilikuwa vinafika huko hata hivyo. Mbao zingepungua kwa karibu thuluthi. Nilichagua kina kikubwa kwa sababu kina kikubwa kinaonekana kazi.

Je, vitawanya vyenyewe vimesaidia? Tulijaribu. Jioni moja mzee alifunga macho, mjukuu akawa anaviziba kwa mashiti bapa ya plaiwudi au anaviacha wazi, nami nikarudia kipande kile kile cha wimbo. Mara nne. Mzee alipatia tatu. Alifurahi sana, na sikumharibia, lakini anayebahatisha naye hupata tatu au zaidi kati ya nne karibu mara moja katika kila majaribio matatu. Grafu inaonyesha tofauti, masikio yangu yanadai kuisikia, na ushahidi wa jioni ile haufiki mbali zaidi ya hapo. Kochi liliporudishwa nyuma kwa dakika mbili, hakuna aliyehitaji kufumba macho.

Kuhusu fundi, mchoro ndio uliokosea. Safu ya namba isiyo na picha ya mkato inasomeka kwa njia mbili, na yeye alichagua ile ambayo seremala yeyote angeichagua, kwa maana seremala hakati shimo, anakata kipande. Karatasi ninayompa sasa ina mchoro wa kitawanya kilichotazamwa kutoka juu, na safu mbili: kina cha mfereji, urefu wa kipande. Kila karatasi ina kimoja kati ya vinne kilichopinduliwa kwa makusudi, na fundi amekipa jina: “kile cha kuvunja”.